Mabuu Waliokataa Kula

Cheptoo alipofungua kabati la joto asubuhi ile, alikuta mabuu wa chupa ya saba wamepanda wote hadi kwenye kifuniko. Walikuwa wamegandamana huko juu kama wali ulioshika kwenye mfuniko wa sufuria, na chini yao kipande cha ini kilikuwa kizima, hakijaguswa hata pembeni. Katika chupa zile nyingine sita, ini lilikuwa limeshageuka uji mweusi, na mabuu walikuwa wakijigaragaza ndani yake, wanono, wameshiba.

Aliinua chupa mbele ya macho. Walikuwa wakisukumana. Kila aliyeteleza akaangukia ini alijikunja kama aliyeguswa na kaa la moto, kisha akaparamia kioo upya, ute ukimfuata nyuma.

"Okeyo! Kuja uone watoto wako. Wamegoma kula."

Okeyo alitoka chumba cha nzi akijifuta mikono kwenye koti. Ndiye aliyewalea mabuu hao tangu wakiwa mayai. Kila siku akitoka kwake Bondeni alipitia bucha moja na kununua maini, hata mwenye bucha akaamini ana familia kubwa. Alisogeza pua kwenye chupa, na mzaha aliokuwa nao mdomoni ukamwishia.

"Hawa?" alisema. "Hawa ukiwapea mbwa amekufa wiki mbili, kwao ni harusi. Umewawekea nini?"

"Ini tu, kama wengine. Na ile bakteria ya mzee wa Gilgil."

Kazi yao ilikuwa hiyo. Katika nyumba ya zamani pale Milimani, iliyogeuzwa kuwa maabara, Daktari Gathogo alikuwa akiwapima mabuu wa nzi wa kijani, wale ambao huwekwa juu ya kidonda ili wale nyama iliyooza. Alitaka kujua majimaji yao yanaua vijidudu kwa kiasi gani. Cheptoo aliyakinga majimaji hayo, akayadondosha juu ya visahani vya kioo vilivyooteshwa bakteria kutoka kwa vidonda vya wagonjwa. Pale tone lilipoanguka, bakteria walikufa, pakabaki duara safi. Aina sita zilikuwa zimekufa vizuri. Ya saba ilitoka kwenye mguu wa yule mzee wa Gilgil, aliyeitwa Njuguna. Mzee mwenyewe alikuwa amezikwa karibu miaka miwili, lakini kilichomla mguu kilihifadhiwa kwenye friza, hai.

Kisahani chake nacho kilikuwa na kasoro. Asubuhi duara safi lilikuwepo, ila saa sita mchana lilikuwa limejaa tena, na kilichojaa kilikuwa kimevimba, kibichi, chenye unyevu, kama upande wa ndani wa mdomo wa mtu. Cheptoo alifunua kifuniko kidogo tu. Harufu iliyomjia ilikuwa tamu, ya zabibu zilizochacha, na ndani ya utamu huo mlikuwa na pumzi ya mtu aliyeamka hajasukutua. Miaka tisa alikuwa amenusa usaha na nyama iliyooza, akatoka hapo akala chakula chake cha mchana. Siku hiyo alitapika kwenye sinki.

"Daktari, tuichome hii," alisema akijipangusa. "Si ya kawaida."

Gathogo alikuwa na furaha mno hata asilisikie onyo hilo. "Kuichoma? Cheptoo, hii ndiyo tumetafuta miaka yote. Kijidudu hakisikii dawa! Hakuna mtu atagusa hiyo sahani bila ruhusa yangu."

Jioni hiyo Okeyo alijaribu kuwatoa mabuu waliogoma. Kifuniko kilikuwa kimekaza. Alipokilazimisha, chupa ilipasuka mkononi na kioo kikamchana kiganja kupitia glavu. Jeraha lilikuwa dogo. Alilisafisha kwa spiriti, akafunga bendeji, akaendelea na kazi.

Siku ya tatu, harufu ya zabibu iliingia maabara kabla ya Okeyo.

Cheptoo alimkuta ameketi kwenye chumba cha nzi, ameupa mlango mgongo, mkono ameufunika kwa sweta. Vizimba vya nzi vilikuwa kimya. Nzi wote walikuwa wamejibana pembe ya mbali, wameshikana kama tunda moja jeusi.

"Okeyo, nionyeshe."

"Funga mlango kwanza," alinong'ona.

Alifungua bendeji polepole, na kila mzunguko ulivyotoka ulivuta uzi mrefu wa usaha. Ule mchano mdogo ulikuwa umekuwa shimo la upana wa yai. Kingo zake zilikuwa nene, zimejikunja nje kama midomo, na katikati nyama ya kijani ilikuwa ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, wala si kwa mapigo ya moyo wa Okeyo, kwa maana moyo wake ulikuwa unakwenda mbio na kile kitu kilikuwa kinapumua taratibu, kama mtu aliyelala baada ya kula.

"Inaongea," Okeyo alisema, machozi yakimtoka. "Inaniomba nyama. Na inaongea Kikuyu, Cheptoo. Mimi hiyo lugha siijui, lakini naielewa yote. Kila saa inaita mtu. Wamaitha. Wamaitha."

Walimwita daktari. Gathogo alitazama, akasema ni maambukizi tu na homa inamfanya Okeyo aweweseke, na kwamba mabuu wangesafisha. Cheptoo alichukua mabuu hamsini wenye njaa, akawaweka juu ya kidonda kwa kijiko. Hawakukaa hata dakika. Walimiminika nje, wakapanda kifundo cha mkono, wakaingia mkono wa koti, wakatokea shingoni, wakajichimbia kwenye nywele za Okeyo, naye ameketi pale akiomba watolewe masikioni, huku Cheptoo akiwaokota mmoja mmoja na vidole vyake vikiteleza kwa ute wao. Buu mmoja alichelewa. Aliteleza pembeni mwa kidonda, na wote watatu waliona kingo zile zikijifumba juu yake, nyama ikajikunja ikamvuta chini, kisha ukasikika mlio mdogo wa mtu anayemeza.

Daktari Gathogo aliketi sakafuni. Hakusema tena habari ya homa.

Hospitalini walimpa Okeyo dawa zote zilizokuwepo. Ijumaa wangekata mkono kwenye kiwiko. Cheptoo hakungoja. Alifungua faili la sampuli ya saba, akapata jina la aliyekuwa amemleta Njuguna wodini, mke wake, Wamaitha. Ndilo jina lililokuwa likiitwa na kidonda. Siku hiyohiyo alikwenda Gilgil.

Alimkuta mama mmoja mwembamba akipalilia viazi nyuma ya nyumba ya mabati. Cheptoo alipotaja mguu wa marehemu, Wamaitha aliacha jembe lianguke.

"Mliacha kipande," alisema kwa sauti ya chini. "Nilimwambia yule nesi asipitishe pamba yake hapo. Niliosha mwili mwenyewe, nikachoma matandiko, nikachoma mpaka viatu. Kumbe mliacha kipande."

"Mama, ni nini ile?"

Wamaitha alimketisha kwenye kigoda. Alieleza kwamba Njuguna alikuwa akichimba shimo la choo kwenye shamba lililokuwa la mzungu zamani. Jembe lilizama kwenye kitu laini ardhini, likaruka, likamkata mguu. Kidonda kilikataa kupona. Njuguna alipozidiwa na kunyamaza, kidonda kikaanza kusema kwa sauti yake. Kiliomba nyama. Wamaitha alikikatia nyama kidogo kidogo, akaitia kwa vidole vyake, ndani kabisa, mahali pa moto, akihisi kikinyonya ncha za vidole.

"Kwa muda gani, mama?"

"Mwaka na miezi minne." Aliitazama mikono yake. "Mhubiri alikuja, akaomba hadi sauti ikakauka. Kilimcheka. Kikamwambia hakitoki nyumba kimekaribishwa. Na ni kweli. Ni mimi nilikiambia karibu."

"Basi wewe ndiye unaweza kukifukuza."

Wamaitha aliliokota jembe, akaliegemeza ukutani. Kisha akaingia ndani kuchukua leso yake.

Walimtoa Okeyo wodini Alhamisi mchana kwa sahihi ya Gathogo, wakamlaza juu ya meza ya maabara, mkono umenyooshwa kwenye sinia. Mvua ilikuwa inanyesha, na madirisha yote yalikuwa wazi, lakini uvundo ule mtamu ulikuwa umejaa chumbani hadi ukakaa kwenye ulimi kama mafuta. Okeyo alikuwa amefumba macho, midomo yake imekauka. Bendeji ilipotoka, kidonda kilikuwa kimefika kifundo cha mkono, na kile kilichokuwa ndani kilipoisikia hatua ya Wamaitha kilitulia.

"Wamaitha," kilisema. Ilikuwa sauti ya mzee, nzito, yenye upole. "Umekonda. Ni nani anakupikia siku hizi? Umekula leo?"

Wamaitha alishika ukingo wa meza. Cheptoo alimshika bega.

"Usijibu, mama."

"Wacha nijibu." Machozi yalikuwa yanamtiririka. Aliinamia ule mkono uliooza hadi uso wake ukawa karibu kuugusa, na hakuziba pua. "Njuguna aliishi na mimi miaka thelathini na moja. Hakuna siku aliniuliza kama nimekula. Hata siku moja. Wewe ndio uliniuliza. Ndiyo maana nilikulisha."

"Basi nilishe," kilisema, na midomo ya kidonda ikafunguka, usaha wa kijani ukajaa kwenye sinia. "Njoo nyumbani na mimi. Huyu ni mgeni, namsumbua bure. Weka mkono wako hapa. Weka tu kidole."

Kidole cha Wamaitha kilinyooka. Kilikuwa kimekaribia kiasi cha nyama ile kuinuka kukipokea, na Cheptoo akamvuta yule mama kwa nguvu zake zote lakini ni kama aliyevuta mti, mpaka Wamaitha mwenyewe alipokunja ngumi na kuirudisha kifuani.

"Nilikukaribisha mimi," alisema. "Mimi ndiye mwenye nyumba. Karibu yangu nimeirudisha. Nyama yangu huna, jina langu huna, chakula changu kimeisha. Sasa liwa wewe."

Alichukua bakuli la mabuu kutoka kwa Cheptoo, hakutumia kijiko. Aliwachota kwa kiganja, akawamwaga.

Safari hii hawakukimbia. Walitulia kidogo, kisha vichwa vyao vikaelekea chini vyote kwa pamoja, wakaanza. Chumba kilijaa sauti ya kula kwao, laini, yenye maji, kama watu wengi wanaotafuna wali uliolowa. Kile kitu kiliita, kikabembeleza, kikatukana, kikalia kwa sauti ya mtoto. Mabuu walivimba wakawa kijani. Baada ya saa moja hivi Okeyo alifumbua macho akasema anasikia maumivu ya kawaida. Cheptoo alikwangua mabuu wa mwisho, na chini yao aliona nyama nyekundu, safi, yenye damu. Gathogo alikimbilia kabati la joto. Kisahani cha saba kilikuwa kikavu, hakina kitu. Alikitupa mwenyewe kwenye ndoo ya kuchomwa, pamoja na sampuli iliyokuwa kwenye friza.

Walibaki mabuu. Walikuwa wamejaa ndani ya mtungi wa kioo, wakubwa kama vidole gumba, na wengine walikuwa tayari wameanza kugeuka kahawia, wakielekea kuwa nzi. Cheptoo alichemsha maji kwenye birika la umeme lililokuwa la chai. Alimimina.

Ndani ya mtungi sauti ya Njuguna ilipiga ukelele.

"Wamaitha! Naungua! Wamaitha, mama, nitoe!"

Cheptoo aliliachia birika mezani na kuziba masikio. Wamaitha alisimama palepale, leso ameibana mdomoni, akiangalia mabuu wanavyopasuka mmoja baada ya mwingine na mvuke mtamu ukimpanda usoni.

"Birika bado iko na maji?" aliuliza.

"Iko, mama. Nusu."

"Nipee."

Akamimina yote.