Wavu Haulali Peke Yake

Edmée alikuwa anaanika nguo, lakini macho yake yalikuwa baharini. Tangu dhoruba ya mwaka jana, wanawake wa kijiji chetu cha Anse-à-Médé hawaaniki nguo bila kutazama maji.

"Mama watoto, hiyo soksi umeianika, umeianua, umeianika tena," Alyre, mume wake, alimwambia. Alikuwa anapaka mashua yake rangi, huku akipiga mluzi.

"Na wewe acha kupiga mluzi. Unauita upepo!"

Alyre alicheka. Edmée hakucheka.

Msimu wa kuvua samaki wa samoni ulikuwa umefika. Msimu kama huo, mwaka jana, mashua zetu zilitoka alasiri, bahari ikiwa shwari. Jioni redio za majumbani zilitangaza upepo mkali. Lakini huko baharini hakukuwa na redio hata moja. Usiku upepo ulikuja. Ulichukua akina baba na wana wao. Azade, kaka yake Edmée, alikuwa mmoja wao.

"Upepo ukija safari hii utafanya nini?" Edmée aliuliza.

"Nitavuta wavu, nitarudi."

"Azade pia alikuwa anavuta wavu."

Alyre aliweka brashi chini.

Huku kwetu wavu wa samoni hutandazwa jioni. Ni mrefu sana. Mashua hufungwa kwenye ncha yake, na wavuvi hukesha hapo mpaka alfajiri. Wazee wetu walisema, "Wavu haulali peke yake." Mvuvi aliyerudi bila wavu alichekwa gatini mpaka akaona haya kwenda kanisani. Tulicheka sana, nasi tulijiona wajanja.

Jumapili moja, baada ya misa, watu walikusanyika jikoni kwa Edmée. Aliyewaita ni Exélia. Dhoruba ilikuwa imemfanya mjane. Wakati wote wa baridi mama huyu alikwenda mjini kwa maofisa wa uvuvi. Aliwauliza maswali mpaka wakamfundisha yote wanayoyajua. Siku hiyo alileta redio ndogo ya betri. Ushirika wetu wa wavuvi ulikuwa umeinunua.

"Hii itakaa kwenye mashua ya Alyre," alisema. "Kabla ya kutoka, sikilizeni hali ya hewa. Jioni, Alyre asikilize tena. Akisikia onyo, apige honi, na wote mrudi."

"Na wavu?" aliuliza mzee Philias. Huyu alikuwa fundi wa kutania watu.

"Uache."

Philias aligonga meza. "Niuache! Halafu nirudi nyumbani kunyonya?"

Wanaume walicheka. Delvina, mke wa Philias, hakucheka. Alimkazia mumewe macho.

"Sikiliza, Philias," Exélia alisema. "Kuvuta wavu wote kunachukua muda gani?"

"Saa kadhaa. Bahari ikichafuka, zaidi."

"Na wavu uliolowa, ukishaingia kwenye mashua, unafanya nini?"

"Unaitia uzito."

"Basi. Mashua ni nzito, na muda umepita. Sasa unafika mlango wa ghuba. Pale maji ni ya kina kifupi. Mawimbi yanasimama na kuvunjika. Mashua nzito itapitaje?"

Philias alikuna kidevu.

"Upepo ukiusikia redioni, bado una muda," Exélia aliendelea. "Ukiusikia masikioni, umechelewa. Kwa hiyo fungeni boya kubwa kwenye ncha ya wavu mapema, kabla ya kutandaza. Onyo likija, fungueni kamba. Fundo likikataa, kateni kwa kisu. Boya litawaonyesha wavu ulipo, bahari ikitulia. Na jaketi la kuelea livaeni hapa gatini. Likiwa chini ya kiti halimwokoi mtu."

"Wavu ukipotea je?" Alyre aliuliza polepole.

Exélia alijibu kwa sauti ndogo.

"Wavu wa mume wangu haukupotea. Ulikuja wenyewe ufukweni, mzima, hauna tundu hata moja. Yeye alikataa kuuacha. Ninao ghalani. Nani anautaka?"

Hakuna aliyecheka tena. Alyre aliichukua redio na kuipakata.

Wiki chache zilipita salama. Kila alasiri Edmée alimfunga mumewe jaketi mwenyewe, akazikaza kamba zake.

"Unanifunga kama mtoto mchanga," Alyre alinung'unika.

"Mtoto mchanga angenisikiliza."

Kisha ikaja siku ambayo redio ya mchana ilisema hali ni nzuri. Mashua zilitoka. Edmée aliteleka mchuzi wa kuku na viazi, akaiacha redio ya jikoni ikiongea. Jioni, kabla jua halijazama, mtangazaji alibadilisha maneno. Upepo mkali ulikuwa unakuja kutoka kaskazini mashariki. Mashua ndogo zirudi bandarini.

Edmée aliuacha mwiko. Je, Alyre ameisikia redio? Betri zina nguvu? Na kama ameisikia, atauacha wavu? Alimjua mumewe. Alikuwa mbishi kama ukoo wake wote. Hata mchuzi hakuuepua. Alikimbia gatini na aproni yake kiunoni.

Exélia alikuwa ameshafika. Wanawake wengine walikuja mmoja mmoja. Hakuna aliyesalimia. Upande wa mashariki mbingu ilikuwa nyeusi, na ndege wa baharini walikuwa wanakimbilia nchi kavu.

"Shangazi Exélia, hawaji," Edmée alisema.

"Nishike mkono."

"Hawaji!"

"Nishike mkono, nimesema."

Mvua ilianza. Ndipo mashua ya kwanza ikaonekana mlangoni mwa ghuba, nyepesi, bila wavu. Ikapita. Nyuma yake ikaja nyingine. Wanaume walirushiwa kamba, wakashuka na majaketi yao, nyuso zimepauka.

"Alyre yuko wapi?" Edmée alimshika wa kwanza.

"Yeye ndiye aliyetuita! Alikata kamba yake kwanza, akatuzunguka akipiga honi kama kichaa."

"Nakuuliza yuko wapi!"

Yule mvuvi aliinamisha kichwa. "Philias amekataa kuondoka. Alyre amemfuata."

Delvina aliketi pale pale kwenye mbao zilizolowa. Edmée hakuweza kuketi wala kusimama. Alimkasirikia Philias. Alimkasirikia Alyre. Alimkasirikia hata Mungu, kisha akamwomba radhi haraka, asije akakasirika naye. Mlangoni mwa ghuba mawimbi yalikuwa yameanza kuvunjika. Kila moja lilikuwa kubwa kuliko lile lililotangulia.

"Wale pale!" mtu alipiga kelele.

Mashua mbili zilikuwa zinakuja, moja nyuma ya nyingine. Zilipanda, zikapotea machoni, zikapanda tena. Wimbi lilivunjika ubavuni mwa ile ya nyuma. Edmée alifumba macho. Alipoyafumbua, zote mbili zilikuwa ndani ya ghuba.

Philias alishuka akifoka.

"Huyu mshenzi ameukata wavu wangu! Nilikuwa nauvuta, akaja na kisu, akakata! Hata boya sikuwa nimefunga! Nitamshtaki!"

Delvina alimkumbatia kwa nguvu mpaka akashindwa kusema.

"Mshtaki kesho," alimwambia. "Leo twende nyumbani."

Alyre alisimama mbele ya mke wake, maji yakimchuruzika.

"Nimeuacha wavu, Edmée. Boya lipo, lakini kwa upepo huu sijui kama tutauona."

"Wavu nitausuka mwingine," Edmée alisema, akilia waziwazi. "Wewe ningekusuka kwa uzi gani?"

Usiku ule paa za maghala zilipeperuka na gati likavunjika kipande. Lakini hakuna nyumba iliyompoteza mtu. Bahari ilipotulia, maboya yalionekana. Nyavu nyingi zilipatikana, nyingine zimechanika. Ule wa Alyre ulipatikana nusu. Wa Philias haukuonekana tena. Wanawake waliketi majikoni wakazishona, na ushirika ukaamua kila mashua iwe na redio yake.

Asubuhi moja Philias aliingia jikoni kwa Edmée bila kubisha hodi. Edmée aliogopa. Alidhani ugomvi umefika.

"Mjomba Philias, umekuja kunishtaki?" Alyre aliuliza.

Mzee alivua kofia. Aliizungusha mikononi muda mrefu.

"Kisu nilikuwa nacho mfukoni," alisema. "Nilikishika, Alyre. Nilitaka kukata, mkono ukakataa. Siku nyingine ukiniona nasitasita, usiniulize. Kata."