Mkanda wa Mtungi

Kila asubuhi ya kuhama kituo, ndani ya gari-nyumba kulikuwa na kelele kama za karakana. Chiriku, msichana wa miaka kumi na miwili aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukupumzika, alipita akisukuma milango ya makabati na kuzungusha vishikizo vyake kimoja kimoja. Kabati lisilofungwa humwaga kila kitu kwenye kona ya kwanza. Sufuria nzito na mifuko ya unga aliviteremsha chini ya vitanda, karibu kabisa na sakafu. Nguo na mashuka ndivyo vilivyokaa juu. Visu vilifungiwa kwenye droo yenye komeo.

Kaka yake alishughulika na mambo ya nje. Huyo alikuwa na mwaka mmoja zaidi yake na mwili wa watu wawili, ndiyo maana wenzake shuleni walimwita Tingatinga. Alipima upepo wa matairi, akatazama kama taa zote zinawaka, kisha akaingia jikoni kufunga koki ya gesi na kuukaza mtungi ukutani kwa mkanda mwekundu wa turubai. Kazi hiyo ya mtungi ilikuwa yake peke yake. Shangazi alikuwa amemkabidhi, na hakutaka iguswe na mtu mwingine.

Gari lenyewe lilikuwa basi kuukuu lililong'olewa viti. Shangazi, ambaye aliendesha malori tangu ujana wake, alilijengea vitanda, jiko, tangi la maji na viti vinne tu vyenye mikanda ya usalama. Alilijenga kwa ajili ya wifi yake, yaani mke wa kaka yake, ambaye ndiye mama wa watoto wale. Mama alikuwa daktari wa mifugo. Alizungukia sehemu za mbali ambako hakuna nyumba ya wageni wala duka, akiwa na chanjo za ng'ombe kwenye friji dogo lililotumia betri. Baba yao alifanya kazi mbali, kwa hiyo shule zikifungwa watoto walisafiri na hao wanawake wawili.

Asubuhi ile ugomvi ulianza kwa sababu ya baiskeli. Chiriku alikuwa ameifunga kwa kamba kwenye ngazi ya nyuma ya gari, na gurudumu lake lilikuwa limeziba taa ya breki. Tingatinga alimwambia aiondoe. Chiriku akamjibu kwamba baiskeli si yake, na taa si yake. Tingatinga hakubishana zaidi. Alichomoa kisu mfukoni, akaikata kamba, na baiskeli ikaanguka chini kwa kishindo hadi kengele ikang'oka.

Chiriku alimrukia mgongoni. Alimkwaruza shingo, akamng'ata sikio mpaka akaonja damu. Tingatinga alizunguka naye kama ng'ombe mwenye kupe, akajibamiza ubavuni mwa gari ili ambanduke, na alipombandua alimpiga ngumi ya mdomo. Walianguka wote wawili, wakagaagaa vumbini wakirushiana mateke, mmoja amemshika mwenzake nywele, mwingine amemkaba koo. Shangazi ndiye aliyewaachanisha. Aliwamwagia beseni zima la maji ya vyombo, yenye makombo na povu, kisha akarudi kuangalia injini yake.

Mama alimsikiliza kila mmoja, akaamua kwamba baiskeli itasafiri, ila ifungwe upande usio na taa. Tingatinga alimcheka dada yake alivyolowa, akaingia ndani kubadili shati.

Chiriku alitafuta kamba nyingine asiipate. Ile iliyokatwa ilikuwa fupi. Kumwomba kaka yake hakuweza, kwa maana mdomo ulikuwa umevimba na moyo umevimba kuliko mdomo. Ndipo alipouona mkanda mwekundu jikoni. Mtungi ulikuwa umesimama imara kwenye kona yake, mzito, umetulia, kana kwamba hata mkanda wenyewe ulikuwa wa mapambo tu. Aliufungua haraka, akatoka nao, akaikaza baiskeli yake barabara. Alijiambia ataurudisha wakifika.

Shangazi alipokaa kwenye usukani aliuliza kama alivyouliza kila siku, "Nyuma kuko sawa?"

Tingatinga alikuwa amekwisha kufunga mkanda wa kiti chake, karibu na jiko. Alijibu kwamba yeye amemaliza. Chiriku, aliyekuwa akifunga wa kwake upande wa pili, alisema, "Sawa, Shangazi."

Barabara ilipanda mlima, kisha ikaanza kushuka. Shangazi aliweka gia ndogo, akaiacha injini ilizuie gari, kwa maana breki zikikanyagwa mteremko mzima hupata moto na kulegea. Mama alikuwa mbele, kando yake, wakizungumza kuhusu wafugaji waliokuwa wakiwangoja bondeni na ng'ombe wao waliokwisha kuanza kuugua. Walipoikata kona, walikuta lori la mawe limelala katikati ya barabara.

Shangazi alikanyaga breki kwa mguu wote.

Chiriku alihisi mkanda ukimkata tumbo na kifua kwa pamoja. Kichwa kilikwenda mbele, kikarudi nyuma, kikagonga. Vitabu na vikombe viliruka. Kisha akaona mtungi ukilala chini taratibu, kama mtu anayeketi, na papo hapo ukachomoka. Ulibingirika kwa nguvu, ukavunja mguu wa meza kama kijiti cha kiberiti, ukampiga Tingatinga kwenye mguu na kuubana kwenye chuma cha kiti. Mfupa ulilia. Chiriku aliusikia ukilia kabla kaka yake hajalia.

Gari lilisimama likiwa karibu kulibusu lori, na mtungi ukauachia mguu. Ndipo wakasikia sauti nyingine, ya kitu kinachofoka kama nyoka. Koki ilikuwa imegonga chuma na kupinda, na gesi ilikuwa ikitoka kwa kasi. Harufu yake ilijaa mara moja.

"Mtu asiguse swichi yoyote," Shangazi alisema. "Tokeni."

Yeye mwenyewe alijaribu kuifikia swichi kuu ya betri, ile ya kukata umeme wote, iliyokuwa chini ya kitanda, lakini meza iliyovunjika ilikuwa imeziba njia. Mama alikwisha kufika kwa Tingatinga. Aliufungua mkanda wake, akamshika kwapani, na Chiriku akashika miguu. Mguu mmoja ulipinda mahali pasipo na goti. Kijana alipiga ukelele, lakini hawakumwachia. Walimburuta mlangoni, wakashuka naye, wakamkimbiza hadi nyuma ya rundo la mawe yaliyomwagwa na lori.

Shangazi alibaki ndani. Aliuinua mtungi ule kwa mikono yake miwili, gesi ikimfokea vidoleni kwa baridi iliyochuna ngozi. Aliufikisha mlangoni akausukuma kwa teke. Mtungi ukadundadunda ukingoni mwa barabara, ukatumbukia korongoni.

Alikuwa na mguu mmoja nje wakati friji la chanjo lilipojiwasha lenyewe, kama ilivyo desturi yake likipata joto. Cheche moja ndogo ilitosha. Gesi iliyobaki ndani ililipuka kwa mlio wa radi. Madirisha yote yalipasuka kwa pamoja, vioo vikamwagika barabarani kama mvua ya mawe, na Shangazi akatupwa kifudifudi kwenye lami. Aliinuka akiwa na nywele zilizoungua upande mmoja na damu puani. Mapazia yalikuwa yakiwaka. Mtungi wa kuzimia moto aliufunga siku zote karibu na mlango wa dereva, mahali unapofikiwa bila kuingia ndani. Aliuchomoa, akaupuliza moto ule hadi ukazimika, na hata ulipokwisha kuzimika aliendelea kupuliza.

Kisha akaenda alipolala Tingatinga, akamzaba kibao.

"Nilikupa kazi moja," alisema. "Moja tu. Mtungi hukuufunga."

Mama aliudaka mkono wake kabla haujainuka tena. Akamsihi amwache mtoto, amtazame alivyo. Shangazi alijiangalia mikono, ile iliyochunika kwa baridi, akakaa chini palepale akaanza kulia kwa kwikwi. Tingatinga alikuwa akitetemeka meno. "Niliufunga," alisema. "Mama, mimi niliufunga."

Ulimi wa Chiriku uliokuwa haulali ulikuwa mzito kama jiwe. Wakati Mama akifunga mbao mbili kwenye mguu wa kijana, yeye alizunguka nyuma ya gari. Baiskeli ilikuwa pale, haijapata hata mkwaruzo mpya, imekazwa kwa mkanda mwekundu. Aliufungua, akaukunja, akautupa korongoni ulikokwenda mtungi. Baiskeli ilianguka. Hakuiokota.

Gari dogo la mizigo lililofika nyuma yao liligeuza, likawachukua hadi kituo cha afya. Tabibu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliutazama mguu akasema lazima uvutwe urudi mahali pake, na dawa ya kupunguza maumivu haitayamaliza yote. Alimtaka Mama ashike mabega. Shangazi, mikono ikiwa imefungwa bandeji, alikaa kwenye benchi la ukumbini akitazama ukuta. Chiriku alisimama mlangoni.

Tabibu alivuta. Tingatinga alijipinda kama samaki aliyetolewa majini, akamng'ata mama yake mkono. Tabibu akavuta tena. Kulikuwa na mlio wa kitu kinachoingia mahali pake, na baada ya hapo kijana hakuwa na nguvu hata ya kulia. Jasho lilimtiririka hadi kwenye mto.

Alipopata pumzi alimwita Shangazi aingie. Alimwambia polepole kwamba amekuwa akifikiri. Anakumbuka kuufunga mtungi, lakini asubuhi ile alikuwa na hasira za kugombana, na mtu mwenye hasira husahau. "Labda sikuukaza," alisema. "Nisamehe, Shangazi."

Chiriku angeweza kuvumilia kupigwa. Angeweza hata kuvumilia kaka yake aendelee kukana, maana wakati anakana yeye aliweza kujificha nyuma ya ubishi wao. Lakini kumsikia akiomba msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya, kumsikia akianza kuyatilia shaka macho yake mwenyewe, hilo lilimshinda.

"Uliufunga," alisema. "Ulikuwa umeukaza sana, hata mimi niliufungua kwa taabu."

Aliyasema yote: baiskeli, mkanda, jibu lake la asubuhi, na korongo. Alisema akitazama sakafu. Alipomaliza, Tingatinga aligeuza uso wake ukutani.

Shangazi alisogea kitandani. Kwanza hakumwangalia Chiriku. Alimwambia kijana kwamba alimpiga bila kuuliza, naye akiwa amevunjika, na kwamba yeye mtu mzima ndiye mwenye kuomba msamaha. Aliuweka mkono wake wenye bandeji juu ya shavu alilolizaba, akauacha pale. Kisha akamgeukia msichana akasema kwa sauti ya chini kwamba ana hasira naye, hasira kubwa, na itachukua muda kuisha.

Chanjo zote zilikuwa zimeharibika. Siku iliyofuata, Mama alimchukua Chiriku hadi bondeni, kwa wafugaji. Walikuwa wamekusanyika kwenye zizi, ng'ombe wamefungwa tayari, na ndama kadhaa walikuwa wamekwisha kufa wakati wa kungoja. Mama hakuwaeleza lolote. Alimsogeza binti yake mbele akamwachia. Chiriku aliwaambia kwa nini hakuna chanjo. Mfugaji mmoja alitema mate chini, akaondoka. Mwingine, mwanamke aliyekuwa ameshika kamba ya ng'ombe dhaifu, alimwuliza tu chanjo nyingine zitafika lini.

Zilifika baada ya juma moja, kwenye gari la ofisi ya mifugo. Wakati mafundi wakitia gari-nyumba vioo vipya na kujenga kisanduku cha chuma cha kuweka mtungi nje, Chiriku alikuwa zizini kuanzia asubuhi hadi jioni. Alikamata ng'ombe wakorofi kwa pembe, akapigwa teke la paja, akakanyagwa kidole hadi ukucha ukawa mweusi. Hakulalamika. Jioni alimpelekea kaka yake chakula, na siku ya kwanza kaka yake alikula bila kumsemesha. Siku nyingine akamwambia chumvi imezidi. Ilikuwa mwanzo.

Siku ng'ombe wa mwisho alipochanjwa, Mama alinawa mikono kwenye ndoo, akamwita Chiriku wakae juu ya boriti ya zizi.

"Ulipoufungua mkanda ulikuwa mtoto mwenye hasira," Mama alisema. "Hasira huja, mimi pia huwa nazo. Lakini Shangazi alikuuliza kama nyuma kuko sawa, na ulikuwa na neno moja la kutuokoa sote. Ukalimeza. Safarini hakuna dereva mmoja, mwanangu. Dereva huona mbele tu. Mambo ya nyuma huyaona kwa macho yenu, kwa hiyo mkimdanganya mmempofua, na gari linaendelea kwenda."

Chiriku aliuliza kama kusema kweli kule kituoni kulisaidia chochote, ilhali mguu ulikuwa umekwisha kuvunjika.

"Mguu ungepona hata kama ungenyamaza," Mama alijibu. "Kaka yako asingepona. Angekua akiamini kwamba yeye ni mtu asiyeaminika. Ulichelewa kusema, na wapo waliolipa kwa kuchelewa kwako. Lakini ulisema. Sasa simama unisaidie kufungua hawa wanyama, wana kiu."