Piano Iliyouzwa Kabla Matanga Hayajaisha

Siku hiyo Nabwile alitoka kazini mapema, akadanganya kwamba jino linamuuma, akasafiri kutoka Bungoma hadi Kitale. Alifika jua likizama. Jino lilikuwa zima kabisa. Alikuwa ameenda kununua piano.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na saba, karani wa ofisi, na hakuwa amegusa kinanda tangu usichana. Lakini kanisa lao la Matulo lilikuwa limebaki bila mpigaji, naye akajipa moyo kwamba atarudi, hata kama ataanza upya kama mtoto. Wiki nzima alikuwa amemsumbua msichana wa duka moja pale Bungoma. Piano mpya ya umeme ilikuwapo, bado imefungwa nailoni, na waranti ya mwaka mzima. Ila vitufe vyake vilikuwa vyepesi kama vya rimoti, tena sitini na kimoja tu. Anayerudi kujifunza, Nabwile alijiambia, anahitaji vitufe themanini na vinane, vizito, vya kuvitia vidole adabu. Waranti ataipigia wimbo gani?

Hizo zilikuwa sababu za mdomoni. Ya moyoni ilikuwa moja. Ile piano kuukuu ya Kitale ilikuwa ya Fridah.

Walikua pamoja Matulo, wakafundishwa na mke wa pasta kwenye kinanda kimoja. Nabwile ndiye aliyekuwa na mkono. Walipofika miaka ishirini, Fridah aliwanong'oneza wazee wa kanisa kwamba mwenzake ana mimba. Uongo mtupu. Wazee hawakungoja hiyo miezi tisa wahakikishe; Jumapili iliyofuata walimwondoa Nabwile kwenye kinanda cha kanisa, na kiti chake akakikalia Fridah. Tumbo halikutokea, na hakuna aliyekuja kusema pole. Fridah akaolewa na Wakoli huko Kitale, akasifiwa kwaya hadi kwaya. Nabwile akabaki na kinyongo, akakilisha na kukinywesha miaka ishirini na saba.

Fridah alikuwa amezikwa jana tu. Asubuhi ya leo, mumewe akaitangaza piano mtandaoni kwamba inauzwa.

Wakoli alimfungulia mlango macho yakiwa mekundu. Alisema hawezi kulala na kitu hicho nyumbani, asiseme kwa nini. Akamwomba avae hedifoni akiijaribu, maana nyumba ya msiba si nyumba ya muziki, kisha akatoka nje haraka kama mtu aliyeitwa.

Sebuleni viti vya plastiki vilikuwa vimepandana hadi dirishani. Palinuka moshi wa kuni. Na chini ya moshi, harufu nyingine... ya dawa ya kuchua viungo.

Nabwile aliijaribu piano kama alivyofundishwa dukani. Kitufe kimoja kimoja, kutoka kushoto. Polepole, kisha kwa nguvu. Hakuna kilichokwama. Pedali ilishika, adapta haikupata moto. Alipobonyeza cha mwisho na kuinua kidole, sauti ilikatika vizuri.

Halafu mtu akaanza kuhesabu.

Moja... mbili... tatu... nne...

Akavua hedifoni. Kimya. Nje kuku walikuwa wakiingia bandani. Akazivaa tena.

Moja... mbili...

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya chini, ya mtu anayemngoja mwenzake aanze. Ni kitu alichorekodi, Nabwile alijiambia, akaitafuta taa ya kurekodi. Ilikuwa imezima.

"Wewe ni wa kwetu?"

Alishtuka akageuka. Mlangoni alisimama mama mkwe wa marehemu, kikongwe Nasambu, amejifunga leso kichwani. Nabwile akajibu ndiyo, yeye ni wa Matulo.

"Basi si unajua," Nasambu alinong'ona. "Watu wananyolewa kesho kutwa. Vitu za marehemu hazijagawanywa. Hii ukitoa saa hii, unatoa na mwenyewe."

Nabwile alijua sana. Angekuwa mgeni tungemsamehe. Kwao, baada ya mazishi watu hukaa, hunyolewa, na kila alichoacha marehemu hutajwa mbele ya wote na mwenye kukichukua akatajwa. Ndipo marehemu hukiachilia. Kabla ya hapo hata kijiko hakitoki.

"Atanifanya nini tena, mama?" alisema. "Alishanimaliza akiwa hai."

Akaichukua.

Jioni iliyofuata, nyumbani Bungoma, aliketi na kitabu cha wanaoanza, mkono wa kulia peke yake, tayari kukosea. Vidole vikagusa vitufe... vikaenda. Mikono yote miwili ikaruka, ikapishana, ikatoa nyimbo ambazo hakuwahi kujifunza. Nabwile alilia kwa furaha. Alidhani kipaji kilikuwa kimemngoja miaka yote hiyo.

Kisha akataka kupumzika. Mikono ikaendelea.

Akataka kupiga kijiwimbo alichotunga mwenyewe akiwa na miaka kumi na minane, kitu pekee cha muziki alichowahi kukiita chake. Alikikumbuka chote. Mikono ikakikataa. Ikarudi kwenye nyimbo zile, na madoido yale ambayo Kitale nzima ilikuwa ikiyajua.

Alipofaulu kuichomoa piano kwenye umeme, vifundo vya vidole vilimuuma kama vya bibi kizee. Akavinusa.

Dawa ya kuchua.

Kesho yake ofisini, akigonga mihuri, aliona mkono wa kushoto ukicheza juu ya meza peke yake. Akaukalia.

Jioni hiyohiyo Nasambu alimpigia simu. Watu walikuwa wamekaa, wamenyolewa. Katika Biblia ya Fridah walikuta karatasi ambayo hata Wakoli hakuwa ameiona.

"Ameandika piano ipewe Nabwile wa Matulo. Ati alikukosea, ndio iwe ya kukuomba msamaha."

Nabwile alikaa chini sakafuni. Ilikuwa yake. Angengoja siku mbili tu, ingeletwa mlangoni kwake kwa amani.

"Si mnitangazie hata sasa, mama?"

"Tumetangaza. Lakini kitu hakikuwa hapo, na mwenyewe alikuwa ameenda nacho kwako. Hakusikia. Na watu wananyolewa mara moja."

Angeweza kuirudisha. Alilifikiria hilo usiku baada ya usiku. Lakini Jumapili ilikuwa imefika, na Matulo walikuwa wanamngoja, walewale waliomwondoa. Kuirudisha ilikuwa ni kukubali kwamba muziki ulimpita mara ya pili. Akaipakia piano, akaenda.

Alipiga, na kanisa likainama. Wanawake walilia. Mzee mmoja wa wale wa zamani alijifuta macho, akamwambia jirani kwamba ni kama Fridah kabisa, ni Fridah mtupu. Nabwile alisikia. Miaka ishirini na saba alikuwa ameota kukaa pale wamsikie, na hakuna aliyekuwa akimsikia yeye.

Baada ya ibada, Mama Khisa aliongozwa mbele. Huyu ndiye aliyemzaa Fridah, na macho yake yalikuwa yameshaingia giza. Akapapasa, akaishika mikono ya Nabwile, akaipapasa kifundo kwa kifundo. Akaileta puani, akaitambua dawa ya bintiye.

"Fridah," aliita polepole. "Ile maneno ya Nabwile ilikuwa inakula roho yangu. Ulimwomba msamaha?"

Nabwile alitaka kusema mimi si Fridah. Alitaka kusema ndiyo mama, aliomba, yameisha. Mdomo wake ukafunguka kabla hajaufungua.

"Niliomba, mama," ulisema, kwa sauti ya chini iliyozoea kuhesabu. "Hajanipa. Nitakaa naye mpaka anipe."

Na Nabwile, huko ndani alikosukumwa, akautafuta ule msamaha haraka haraka, autoe, amalizane naye.

Akatafuta tena.

Hakuwa nao.