Korma Bila Korosho

"Dada... sindano... nipe sindano yangu!"

Mdogo wangu alikuwa amejishika koo kwa mikono miwili. Midomo imevimba, macho yamemtoka, pumzi inapiga filimbi.

Sindano yake ya dharura nilikuwa nayo mimi, chini ya meza ya mgahawa. Niliichomoa kwenye mkoba wake alipokwenda kunawa.

"Sema kwanza," nikamnong'oneza. "Umeanza lini kutembea na mume wangu?"

Jamani, mnaotaka kunitukana, subirini nimalize. Mtanitukana vizuri zaidi.

Jumamosi iliyotangulia mume wangu alinipeleka kula kwenye mgahawa huohuo. Mwenyewe Mhindi, mpishi Mbangladeshi. Kuketi tu, mhudumu akamchangamkia kama wamezaliwa pamoja.

"Bosi! Korma moja bila korosho, kama kila Ijumaa?"

Mume wangu akapaliwa na maji.

"Umenifananisha, kaka."

Amefananishwa! Thubutu!

Pale mpishi anasaga korosho ndani ya huo mchuzi mzito wa korma, hata huzioni. Asiyekula korosho lazima aseme, na mhudumu anamkariri. Sasa mume wangu korosho anatafuna kama mbuzi. Mimi pia. Na kila Ijumaa huniambia ana kikao.

Kwetu nani akionja korosho anavimba? Mdogo wangu! Mzuri, hajaolewa, na "shemeji, shemeji" haimtoki mdomoni.

Sikumuuliza mtu. Nilitabasamu wiki nzima.

Ijumaa nikawaalika wote wawili palepale mgahawani. Mume wangu alifurahi hadi nikashangaa.

"Tangulieni," akasema. "Mimi nakuja na mgeni."

Chakula nikaagiza mwenyewe.

"Dada, umewaambia wasiweke korosho?"

"Nimewaambia, mpenzi. Kula."

Akala. Kwa nini asile? Mimi ndiye niliyembeba mgongoni akiwa mchanga.

"Sema!"

"Sijui... unachosema... dada, nakufa!"

"Basi kufa na uongo wako!"

Ndipo nikamsikia mhudumu mlangoni, furaha tele.

"Bosi, karibuni! Mama, korma yako bila korosho, kama kawaida?"

Nikageuka.

Mume wangu alikuwa amemshika mkono mama yangu mzazi.

Mama! Mtu ambaye mdogo wangu alirithi kwake ugonjwa huo wa korosho! Miaka miwili nilikuwa sisemi naye, nimemfuta hadi kwenye hesabu ya walio hai. Kumbe mume wangu alikuwa akimbembeleza kila Ijumaa, kimyakimya, aje tupatane. Na mama alimwapisha asiniambie mpaka moyo wake uwe tayari.

Siku hiyo ulikuwa tayari.

Mama alifungua mkoba, akatoa sindano yake mwenyewe, akamchoma mwanawe pajani. Alipoinua uso, akaiona ile niliyoishika mimi.

Mdogo wangu alipona. Alikataa kunishtaki, ila alisema nisimwite mdogo wangu tena. Mume wangu alifungasha nguo zake kesho yake asubuhi.

Ndugu zangu, ulizeni! "Ijumaa ulikula na nani?" Swali dogo hivyo, na mimi nikaona bora niue.

Na mnajua mama nilimnunia kwa nini? Kwa neno moja alilonitupia mbele ya watu, nikaapa sitamsamehe mpaka alifute:

"Mwanangu, wivu wako utakuja kuua mtu."