Isale kwa Kosa Ambalo Halijatendwa

Mashahidi wote wanakubaliana juu ya haya: Jumanne ile, jua likizama kijijini Kilema, Filemon alikuwa hai, aliomba chai, akainywa, na mkewe, Veronika, alitoka na mundu kwenda kukata majani ya ng'ombe. Yaliyotokea migombani yana shahidi mmoja tu, naye alikuwa amechoka.

Alikuwa na haki ya kuchoka. Miezi saba alimgeuza mumewe kitandani tangu apatwe na kiharusi, na juma hilo tu ndipo vidole vya Filemon vilipoanza kucheza tena. Starehe yake pekee ilikuwa tamthilia ya mizimu ya kila Jumanne, aliyoitazama na wifi yake Salvina, dada wa mgonjwa. Mchana kutwa walibishana juu ya Ndeanasia, yule mfu wa kwenye tamthilia anayepita nyumba hadi nyumba akitoa jani la isale, ambalo Mchagga akiletewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Salvina alishikilia kwamba Ndeanasia anatubu, na mwishoni atapumzika. Veronika alipinga: mbona misiba huja baada ya isale kupokewa, si kabla? Huyo hatubu. Anachukua msamaha kwanza.

"Wifi," Salvina alicheka, "ungekuwa hakimu wewe, hata malaika Gabrieli angelala rumande."

Chini ya migomba giza lilikuwa limetangulia. Veronika alikata fungu la kwanza, la pili... mundu ukasimama.

Harufu. Udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa sasa hivi.

Kando ya mfereji alisimama mwanamke asiyemjua. Manyunyu yalikuwa yakianguka, lakini kanga yake ilikuwa kavu. Hakusalimu. Alinyoosha isale lililopigwa fundo.

"Pokea, mama."

"Umenikosea nini?" Veronika alinong'ona.

"Bado."

Alielewa. Hilo alilikiri mwenyewe mbele ya ukoo, bila kushurutishwa. Alielewa, na mkono wake ukapokea. Kwa mazoea, alisema, kwa kuwa tangu utotoni hakuwahi kuona isale likirudishwa. Wakamuuliza kama hapakuwa na sababu nyingine.

"Nilikuwa nimechoka," akasema.

Aliporudi ndani, Salvina alikuwa ameinama kitandani, akimfumba kaka yake macho.

Isale huota kwenye kila mpaka wa kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba na migomba. Aliyeshinda akibishana juu ya mzimu aweza kuuona. Na kiharusi hurudi bila kutumwa na mtu. Yote hayo yanakubalika. Lakini Salvina anaapa kwamba, kabla pumzi haijakatika, alisikia mle chumbani sauti ya wifi yake ikisema, taratibu: "Nimesamehe."

Veronika anaapa hakutamka neno.

Ukoo umeketi mara mbili kuamua kama aendelee kuishi kwenye kihamba cha marehemu, na mara mbili umetawanyika bila jibu. Wewe uliyezisikia pande zote, pima mwenyewe: anayesamehe kosa kabla halijatendwa, amesamehe, au ameruhusu?