Vikombe Alivyoosha Tata Akol

Kila siku alipotoka shuleni, Agwang alivua sare, akaitundika msumarini, kisha akapiga magoti mbele ya jiwe la kusagia wimbi. Unga wa dukani ulikuwepo Busia, lakini nyanya yake hakuutaka. Alisema una ladha ya gunia.

Nyanya huyo aliitwa Akol. Agwang alimwita Tata, kama Wateso wote wanavyowaita nyanya zao. Alikuwa mwembamba, mwenye macho makali na goti la kushoto lililokataa kukunjika. Alikaa kwenye kigoda kando ya jiwe na kuuchambua unga wote ulioanguka.

Ilikuwa Septemba mwaka 1962. Zilibaki wiki tatu tu Uganda ipate uhuru, na Mwalimu Okochi alikuwa amewapa wanafunzi wa darasa la sita kazi kubwa.

"Kila mmoja aandike maisha ya mzee mmoja anayemfahamu," alisema. "Kabla bendera mpya haijapanda, nataka tujue tulikotoka. Insha bora itasomwa mbele ya wazazi siku ya sherehe. Na nukta, jamani! Wekeni nukta! Nukta hazinunuliwi dukani!"

Wakati wa mapumziko Ekwaro, aliyekaa dawati moja na Agwang, alianza kujigamba. "Babu yangu alipigana vita Burma. Ana medali. Wako je?"

"Tata alifanya kazi Tororo, katika klabu ya Wazungu."

"Kazi gani?"

"Ya vyombo."

Ekwaro akacheka mpaka akashika mbavu. "Babu yangu alipigana na Wajapani. Nyanya yako alipigana na sufuria!"

Ndiyo maana alasiri ile Agwang alipiga magoti mbele ya jiwe akiwa na penseli nyuma ya sikio, na daftari lake la rafu likiwa wazi kando yake.

"Tata, nieleze maisha yako."

"Saga."

"Ninasaga. Nieleze."

"Huo unga una chenga. Hata kuku wataukataa."

Agwang alisaga kwa nguvu zaidi. Baada ya muda Tata akaanza, akitazama unga badala ya mjukuu wake.

"Nilikuwa ninachunga mbuzi walipokuja Wazungu wawili na watu wa kubeba mawe. Wakayapanda yale mawe, wakasema huku ni Uganda na kule ni Kenya. Shangazi yangu alikuwa kule. Mbuzi wetu mmoja pia."

"Mwaka gani?"

"Mwaka ambao nzige walikula mtama."

"Tata! Mwalimu anataka mwaka wenye namba."

"Basi mwalimu akawaulize nzige."

Agwang akapumua kwa nguvu, akaandika: mwaka wa nzige.

"Kaka yangu Egau alikwenda kutafuta kazi upande ule wa Kenya," Tata aliendelea. "Akarudi na kikopo cha bati kikining'inia shingoni. Ndani kulikuwa na kipande, karatasi yenye alama za vidole vyake. Bila hicho alikamatwa. Mama alipokiona alilia. Alidhani wamemfunga mwanawe kengele kama ng'ombe."

"Na wewe?"

"Mimi nilikwenda Tororo kuosha vikombe. Mwafrika aliingia klabu kwa mlango wa nyuma. Mlango wa mbele hatukuugusa ila kwa kitambaa cha kuufutia vumbi. Wazungu walikunywa chai kwa vikombe vyeupe vyenye mstari wa dhahabu. Makarani wa Kihindi waliletewa bilauri barazani. Sisi tulikuwa na vikopo vya bati. Kila aina ilikuwa na kabati lake na kufuli lake."

"Na vilioshwa wapi?"

Tata akatabasamu kidogo. "Katika karai langu. Karai lilikuwa moja."

Agwang hakuona la kuchekesha. Aliwaza medali ya babu yake Ekwaro. "Kwa hiyo hukufanya lolote?"

"Niliosha vikombe miaka kumi na tisa, unasema sikufanya lolote?"

"Maana yangu, hukukasirika?"

"Nilikasirika kila asubuhi. Kisha nikaosha vikombe."

"Tata, tafadhali! Kitu kimoja tu cha ushujaa!"

Bibi kizee alinyoosha goti lake kwa maumivu. "Asubuhi moja vikombe sita vyenye mstari wa dhahabu vilikutwa vimevunjika kabatini. Mzee Mangeni, huyu anayetuletea ndizi, alikuwa mpishi wetu na ndiye aliyeshika ufunguo, akafukuzwa siku hiyohiyo bila cheti cha kazi. Lakini mimi nilikuwa nimemwona jioni akifunga kabati vikiwa vizima. Na ufunguo wa pili alikuwa nao bwana mkubwa wa klabu mwenyewe. Basi nikapita mlango wa mbele, nikamwambia hivyo."

Agwang aliacha kusaga. "Halafu?"

"Hakunisikiliza. Aliniondoa jikoni, nikasugua sakafu mwaka mzima. Goti hili linatoka huko. Saga."

"Mangeni hakurudishwa kazini?"

"Hakurudishwa."

"Kwa hiyo ulishindwa."

"Nilishindwa," Tata alisema. "Unga huo uache sasa, utageuka vumbi."

Jumamosi asubuhi Agwang alikaa barazani kuandika nakala safi. Alisoma aliyoyaandika kwenye rafu, akaona aibu. Mtu aliyeosha vyombo, akasema neno, akashindwa! Alipiga mstari mrefu wa penseli juu ya habari za Mangeni na mlango wa mbele. Mahali pake aliandika hivi: "Siku moja Tata wangu alichoka kudharauliwa. Alichukua vikombe sita vya Wazungu vyenye mstari wa dhahabu, akavivunja, akavirudisha kabatini. Wazungu walipoviona walitetemeka. Hadi leo hawajui ni nani."

Jumanne Mwalimu Okochi aliingia darasani akiwa ameishika insha hiyo kama mtu aliyeokota pete. "Hii," alisema, "ndiyo itakayosomwa!" Ekwaro alimgeukia Agwang, mdomo wazi. Agwang alitabasamu, ingawa shingo yake ilikuwa ya moto.

Siku iliyofuata, Mzee Mangeni alikuja kuwatembelea. Alikuja kila mwezi kwa basi kutoka Tororo na kichane cha ndizi, na kila mwezi alilalamika kuhusu basi. Alikuwa amekaa uani, kikombe cha chai mkononi, baiskeli ya Mwalimu Okochi ilipoingia.

"Mama!" mwalimu alimwamkia Tata kwa furaha. "Shikamoo! Nimekuja kukualika uketi mstari wa mbele siku ya sherehe. Kumbe tunaishi na shujaa, na wewe umenyamaza!"

"Shujaa gani tena?" Tata aliuliza.

"Usijifiche, mama. Sikiliza mjukuu wako alivyoandika." Akafungua insha, akasoma kwa sauti, akitua vizuri kwenye kila nukta.

Agwang, aliyekuwa anaosha miguu kando ya mtungi, alitamani ardhi immeze. Alipoinua macho, Mzee Mangeni alikuwa ameweka kikombe chake chini.

"Mama Okiror," alisema polepole, akimwita Tata kwa jina la mwanawe. "Ni wewe?"

"Si mimi! Sijui mtoto huyu ameandika nini!"

"Vikombe sita. Mstari wa dhahabu. Kabatini. Hayo ameyaokota barabarani?" Mzee akainuka. "Miaka mitano nilivunja kokoto kwa sababu sikuwa na cheti. Wanangu wawili waliacha shule. Na kila mwezi ninakuja hapa kunywa chai yako!"

"Mangeni, kaa chini nikueleze."

"Nimekaa vya kutosha." Akachukua kofia yake, akatoka.

Tata alijaribu kusimama haraka. Goti likamkatalia, akarudi kwenye kigoda. Mwalimu Okochi alibaki na karatasi mkononi.

"Agwang," alisema, "hili uliloandika ni kweli?"

"Hapana, mwalimu." Sauti ilitoka ndogo kama ya kifaranga.

"Hapana?" Mwalimu alijishika kichwa. "Na mimi nimekwisha kumwambia mkuu wa shule, mchungaji na mke wa mchungaji!"

Tata hakupaza sauti. "Nilikupa maisha mazima," alisema. "Yote hayo yakakosa la kuandikwa? Mangeni hana kitu ninachoweza kumwonyesha ili aniamini, na goti hili haliwezi kumfuata. Wewe una miguu. Mfuate."

Agwang alitaka kulia kwanza, lakini hapakuwa na nafasi ya kulia. Aliingia ndani, akachukua daftari la rafu, akakimbia.

Alimkuta Mzee Mangeni kwenye kituo cha basi, hatua chache kutoka kizuizi cha forodha, amekaa juu ya jiwe na kofia magotini.

"Babu, nilidanganya," alisema akihema.

"Lini? Ulipoandika, au sasa?"

 Ndipo Agwang alipoelewa kwamba uongo wake ulikuwa umeula hata ukweli wake. Alifungua daftari, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Haya niliyaandika Tata alipokuwa anaongea. Nikayapigia mstari."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu... kwa sababu alishindwa. Nilitaka ashinde."

Mzee alitoa miwani yake mfukoni. Alikuwa amejifunza kusoma jikoni, kwenye makopo ya biskuti na ya chai, kwa hiyo alisoma taratibu, kidole kikifuata maneno chini ya mstari wa penseli. Alipofika katikati alisimamisha kidole.

"Alipita mlango wa mbele?"

"Ndiyo, babu."

"Mlango ule? Yeye?"

"Ndiyo."

"Na goti..." Akasoma tena. "Aliniambia alianguka kisimani! Miaka kumi na tatu ananiambia kisima!"

Basi la Tororo lilifika likitoa moshi. Kondakta akatoa kichwa mlangoni. "Mzee, unapanda au unasoma?"

"Nasoma," alijibu Mangeni bila kuinua macho. Basi likaondoka.

Walipofika nyumbani, Tata alikuwa palepale kwenye kigoda, na Mwalimu Okochi alikuwa akizunguka baiskeli yake kama anayeikagua. Mzee Mangeni alisimama mbele ya Tata, amekunja uso.

"Kisima, eh?"

Tata alitazama daftari mkononi mwake, akaelewa. "Ungefanya nini ungejua? Ungeacha kuniletea ndizi, uniletee huzuni."

"Ningekushukuru, mwanamke wewe!"

"Haikusaidia kitu. Unashukuru nini?"

"Uliingia kwa mlango wa mbele," mzee alisema. Akaketi, akachukua kikombe chake, akaonja. "Chai imepoa."

"Imepoa kwa sababu uliondoka."

Agwang alipiga magoti akaomba msamaha, kwa Tata, kwa Mzee Mangeni, kisha kwa mwalimu. Mwalimu Okochi alisafisha koo.

"Nimekusamehe. Lakini insha ya Ekwaro ndiyo itakayosomwa. Yako utaiandika upya, uisome mbele ya darasa, na utawaambia wenzako kwa nini unaiandika mara ya pili."

Hilo lilimuuma, lakini hakubisha.

Tata alimvuta karibu. "Agwang, najua ulitaka kunisifu. Ona basi sifa ya uongo ilivyofanya. Ulinipa ushujaa ambao si wangu, na hatia ikaja pamoja nao, ikamchoma huyu mzee. Na lile dogo nililolifanya kweli, ukalipigia mstari. Watu wengi walioishi katika miaka ile hawakuangusha serikali. Waliosha, walilima, walisema neno siku moja, wakashindwa, wakaamka tena asubuhi. Mtu akishindwa, andika kwamba alishindwa. Usimwonee haya kwa niaba yake."

Agwang aliandika upya, kila neno alilokuwa amelipigia mstari. Mwalimu Okochi alipofika kwenye "mwaka wa nzige" aliweka kalamu nyekundu tayari, akafikiri, akaiondoa. Siku Agwang alipoisoma darasani, Ekwaro hakucheka. Aliuliza tu, "Yaani alijua anaweza kufukuzwa, na akaingia?"

"Alijua."

"Babu yangu alikuwa na bunduki," Ekwaro alisema.

Siku ya sherehe bendera mpya ilipanda uwanjani, nyeusi, njano na nyekundu. Tata na Mzee Mangeni walipita lango kuu la shule, wakaketi mstari wa mbele. Chai ilipokwisha, vyombo vilirundikwa nyuma ya darasa: vikombe vya kaure vya wageni, bilauri za walimu, vikopo vya bati vya wanafunzi. Tata alipoviona, alianza kukunja mikono ya gauni lake.

"Kaa, Tata," alisema Agwang. "Leo naosha mimi."

Akatafuta karai, akalijaza maji, akavitia vyote humo pamoja. Tata alisimama nyuma yake akiegemea fimbo, akivumilia kwa muda aliouweza, ambao haukuwa mrefu.

"Suuza tena hicho," alisema. "Kina sabuni kwenye kishikio."