Ubao Ulioletwa na Maji

Seremala alikuwa akipiga randa mlango mvua ilipokatika. Mkewe, ambaye ni msusi, alikuwa akimimina chai. Nyuma ya karakana mfereji ulinguruma. Kisha kitu kikagonga ukuta. Ko. Ko. Ko.

"Nani huyo anabisha hodi kwa nyuma?" mkewe aliuliza.

Seremala alitoka. Maji yalikuwa yameleta ubao. Aliuokota, akaufuta tope kwa kiganja. Mara akausogeza karibu na macho. Ubao ulikuwa na alama tatu za patasi, alama zake mwenyewe. Alikuwa ameupigilia miaka miwili iliyopita, kwenye jeneza la mama yake.

"Mama Watoto," aliita kwa sauti ndogo. "Ni mama."

Walikimbilia makaburini. Hata ndege hakulia. Mfereji ulikuwa umekula ukingo na kulifikia kaburi. Chini ya ardhi maji yalinong'ona, kama watu wanaoteta nyuma ya pazia.

"Na mbunge nilimwandikia mara mbili kuhusu mfereji huu!" seremala alisema.

"Ulikosea mlango, mwanangu."

Msusi alipiga yowe. Sauti ilitoka shimoni. Kikachomoza kichwa, kisha mabega. Alikuwa mzee mchimba kaburi, kazini, akiokoa mifupa isichukuliwe na maji.

"Mbunge anatunga sheria za nchi," alisema. "Mifereji na makaburi ni kazi ya kaunti."

"Basi nitakwenda kaunti."

"Ipi?" Mzee alifyeka majani kwenye jiwe dogo. "Huu ni mpaka. Makaburi ni ya kaunti yetu. Mfereji unaanzia kaunti ya pili, kule juu."

"Ndiyo tumekwisha?"

"Waliokwisha ni hawa waliolala. Wewe una mwakilishi wa wadi. Yeye ndiye mdomo wako kwenye bunge la kaunti. Mwandikie barua, kusanyeni sahihi. Ataifikisha kwa gavana wetu, naye azungumze na mwenzake."

"Mwakilishi wetu ni nani?" msusi aliuliza.

Seremala aliinamisha kichwa. Hakumjua. Hata jina la wadi yake hakulijua.

"Wachezaji mpira wa ng'ambo mnawajua wote," mzee alisema. "Nendeni ofisi ya wadi, nyuma ya zahanati. Majina yamebandikwa mlangoni."

Kesho yake walikwenda na barua yenye sahihi ishirini. Mwakilishi alikuwa mama mwenye miwani.

"Iacheni hapo, nitaisoma," alisema.

Seremala aliweka ubao mezani. "Soma na huu, mama. Umetoka kaburini."

Mwakilishi alirudisha kiti nyuma. Aliisoma barua palepale, akagonga mhuri kwenye nakala yao.

Haikuwa kazi ya siku moja. Msusi alirudi ofisini mara nne, nakala mkononi. Miezi miwili baadaye, mafundi wa kaunti zote mbili walikutana kwenye jiwe la mpaka. Waligeuza mfereji, wakajenga ukuta.

Siku ya kumzika mama upya, seremala alileta majeneza matano. Maji yalikuwa yamefukua makaburi mengine manne, wala hakuna aliyejua ni ya nani.

"Hawa watu wa wapi?" msusi alinong'ona.

Seremala aliinamia jeneza la mwisho, akakaza msumari.

"Wa wadi yetu," alisema.